Mwanga wa Mlangoni: Kuchora Chumba cha Fundi Cherehani kwa Rangi za Maji

Wengi wanaojifunza rangi za maji huchora chumba kwanza, kisha wakatafuta pa kuwaweka watu. Ukuta unapakwa, dirisha linapakwa, meza inapakwa, halafu katika nafasi iliyobaki anaingizwa mtu mwenye kingo zilizokatwa pande zote. Hata vipimo vikiwa sahihi, mtu huyo huonekana amebandikwa. Macho yetu hayaoni hivyo. Ukisimama mlangoni mwa chumba chenye giza kidogo, vinavyokufikia mwanzo ni vipande vya mwanga: bega, pindo la kitambaa, ukingo wa meza, paji la uso. Vilivyobaki, yaani mtu, kiti chake na ukuta ulio nyuma yake, vimo kivulini pamoja na ni vigumu kusema kimoja kinaishia wapi. Ushauri wangu wote katika makala haya unatokana na hapo: mchore mtu pamoja na chumba chake, kwa maji yale yale, rangi zikiwa bado mbichi.

Nitatumia mfano mmoja ili tusitangetange: chumba cha fundi cherehani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chumba cha namna hiyo utakikuta pia Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, na kwa tofauti ndogo utakikuta Kariakoo au Kigoma. Nimekichagua kwa sababu kinamsaidia mchoraji. Fundi amekaa. Mikono yake inarudia kazi ile ile, kwa hiyo mkao uliokuponyoka utaurejea baada ya dakika chache. Kitambaa kilicho chini ya sindano mara nyingi ni cheupe, cha kanzu au cha shati la shule, na weupe huo ndio wenye mwanga mwingi kuliko kitu chochote chumbani. Chumba chenyewe nacho ni chembamba na kirefu. Nyumba za mawe za pwani ziliezekwa dari za boriti za mikoko, na boriti hizo hazina urefu mkubwa. Ndiyo maana upana wa vyumba vingi vya zamani hauzidi sana mita tatu. Mwanga unaingia upande mmoja, wa mlangoni, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo giza linavyozidi. Mpangilio wa mwanga na giza umekwisha kupangwa kabla hujafungua kisanduku cha rangi.

Kabla ya brashi, hodi. Salimia, kaa barazani, eleza unachotaka, subiri ujibiwe. Fundi yuko kazini, na wateja wake, hasa kina mama wanaokuja kupimwa, hawakuja kuchorwa. Mimi humwambia fundi mapema kwamba sura ya mteja haitatambulika, na mama akiingia kupimwa naweka brashi chini na kugeuza ubao mpaka aondoke. Adabu hiyo inaisaidia na picha. Aliyeridhia kuchorwa hurudi kwenye kazi yake akakusahau, mgongo wake ukapinda ulivyozoea kupinda. Aliyeshtukizwa hukaa wima, akajitengeneza kola, na mkao uliokuvutia unakuwa umekwisha.

Kisha kaa na utazame mwanga, na uutazame kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, hivyo jua la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima na haliingii chumbani. Linagonga chini ya uchochoro na ukuta wa chokaa wa nyumba inayotazamana, halafu mwanga huo unarudi ndani ukitokea chini kwenda juu. Mtazame fundi saa hizo. Upande wa chini wa taya yake, ulioelekea mlangoni, umepata mwanga, na macho yake yamo kivulini. Boriti zilizo karibu na mlango zinang'aa tumboni mwake, zina unjano mdogo wa chokaa. Mchoraji asiyetazama ataweka kivuli chini ya kidevu kwa mazoea, kama alivyoona katika picha za vitabuni, na chumba kitakuwa cha nchi nyingine.

Asubuhi mambo ni tofauti. Mlango ukitazama mashariki, kipande cha jua kinaingia chenyewe, kinakata sakafu, kinapanda mguu wa cherehani na kuangukia kitambaa. Kipande hicho kinasogea, na ndani ya nusu saa kitakuwa mahali pengine kabisa. Kiweke kwenye penseli mapema, kama kilivyo dakika hiyo, na usikifuate tena. Mimi napendelea mchana, baina ya saa tano na saa saba, kwa sababu mwanga wa kurudi ni mpole, haukimbii, na rangi zilizomo kivulini zinaonekana. Anayependa mwanga mkali unaokata ataipenda asubuhi zaidi, ila afanye haraka.

Kuhusu vifaa: ukitaka kubana matumizi, bana kwenye brashi na idadi ya rangi. Karatasi usiibane. Nunua ya pamba tupu, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa chembechembe za wastani. Jani zima la sentimita 56 kwa 76 ukilikata mara nne unapata vipande vya 28 kwa 38, na hicho ni kipimo kizuri kwa kazi ya kukaa kibarazani. Karatasi ya daftari la kuchorea la shule hunywa maji papo hapo; huwezi kuunganisha rangi mbichi juu yake hata ukiwa na mkono wa aina gani, na wengi wamejiona hawana kipaji kumbe tatizo lilikuwa karatasi.

Pwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ugenini havilisemi kwa uzito unaostahili. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi kiwandani, ya jelatini au ya namna nyingine, ili rangi isizame mara moja. Unyevu hulea kuvu, kuvu huila gundi, nawe huoni kitu kwa macho mpaka umwage rangi. Ndipo madoa yanapojitokeza katikati ya ukuta uliotaka uwe laini, kila doa limenywa rangi na kukolea kuliko pembeni. Hakuna dawa yake. Hifadhi karatasi zako zimelala, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mbali na ukuta wa mawe. Kabla ya kuanza, gusa pembe ya karatasi kwa brashi yenye maji: tone likibaki juu kwa muda, karatasi ni nzima, likinywewa hapo hapo, itumie kwa mazoezi ya kalamu.

Brashi tatu zinatosha: mbili za mviringo zenye ncha nzuri, namba 8 na namba 12, na moja kubwa laini ya kubeba maji mengi. Za nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinafaa kabisa. Chukua na makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na moja la maji safi, pamoja na kitambaa cha pamba cha zamani. Kitambaa hicho utakitumia zaidi ya unavyofikiri, maana katika kazi hii kiasi cha maji kilichomo ndani ya brashi ndicho kinachoamua karibu kila kitu.

Rangi sita: oka ya manjano, sienna ya kuchomwa, umba ya kuchomwa, nyekundu moja kali, buluu ya kobalti na buluu ya ultramarini. Nyeusi usinunue. Ultramarini na sienna ya kuchomwa zikichanganywa zinakupa kijivu cha kila namna, cha moto au cha baridi kulingana na ipi imezidi, na zikiwa nzito zinakaribia weusi. Tena ultramarini ina tabia ya kutulia chembe chembe katika mabonde ya karatasi, na ukuta wa mawe na chokaa unaupata humo bila kuuchora. Unaponunua tyubu soma msimbo ulio nyuma, kwa sababu majina ya kibiashara yanadanganya: PB29 ni ultramarini, PBr7 ndiyo sienna nyingi nzuri, na PR83 ni alizarini ya zamani, nyekundu ya damu ya mzee iliyo nzuri sana siku ya kwanza na inayopauka kwa mwanga. Kwa nyumba zetu zenye mwanga mwingi, PR83 iache dukani.

Sasa uzito wa rangi, ambao kwa maoni yangu ndio msingi wa mkono mwepesi. Joseph Zbukvic, mchoraji wa Australia aliyezaliwa Zagreb mwaka 1952, huupima kwa vinywaji na vyakula: chai, kahawa, maziwa, krimu, siagi. Sijaona kipimo bora. Chai ni rangi nyepesi sana ya mwanga wa kwanza. Maziwa ni rangi ya nguo na nyuso. Krimu ni ya vivuli vizito, na siagi ni ya nukta chache za mwisho. Kanuni inayotokana nayo ni hii: juu ya karatasi mbichi weka rangi nzito kuliko iliyopo, na isiwe na maji kuizidi. Ukigusa rangi iliyoanza kukauka kwa brashi yenye maji mengi, maji hayo yataisukuma na kuacha doa lenye ukingo uliochanika. Madoa mengi yanayowakatisha tamaa wanafunzi yanatoka hapo.

Kabla ya karatasi nzuri, fanya michoro midogo ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, mitatu au minne, kwa penseli laini ya 4B. Tumia viwango vitatu tu: weupe wa karatasi, kijivu cha kati na giza. Finya macho mpaka nyusi za fundi zipotee. Ukiwa umefinya, jiulize giza limeungana wapi. Mara nyingi utaona kwamba suruali ya fundi, miguu ya meza na pembe ya chumba ni umbo moja lisilokatika. Lichore hivyo, kama umbo moja. Halafu tazama weupe. Ukiwa umetawanyika kitambaani, kwenye kofia, dirishani, kwenye kikombe na kwenye kalenda ya ukutani, chagua. Kitambaa kiwe cheupe kabisa, na vingine vyote vishuke hatua moja. Picha ndogo inayosomeka kutoka upande wa pili wa chumba itasomeka pia ikiwa kubwa, na isiyosomeka haitaokolewa na rangi.

Mkiwa na watu wawili chumbani, tuseme fundi na kijana anayejifunza kazi, wasiachwe kila mmoja na nafasi yake. Sogea mwenyewe mpaka bega la mmoja limfunike mwenzake kidogo, wawe umbo moja lenye vichwa viwili. Mtu wa tatu, aliyesimama mlangoni akiulizia nguo yake, ni zawadi, kwa sababu ameupa mwanga mgongo na anakuwa giza tupu mbele ya uchochoro unaong'aa. Mweke haraka kwa umbo tu. Hatakaa, na picha haimhitaji kwa zaidi ya hapo.

Mchoro wa penseli kwenye karatasi nzuri uwe na mistari michache, na usifutefute, kwa kuwa raba huharibu uso wa karatasi na rangi itashika vibaya. Tafuta usawa wa macho yako kwanza. Ukikaa kwenye kigoda, na watu waliomo chumbani nao wamekaa kwenye viti vya urefu unaolingana na chako, vichwa vyote vitakuwa karibu katika mstari mmoja, aliye karibu na aliye mbali. Kinachobadilika ni ukubwa wa kichwa na mahali miguu inapoishia. Jambo hilo dogo linakipa chumba kina bila kupima mistari ya dari hata mmoja. Vichwa vichore vidogo kuliko unavyohisi. Sote tunavikuza, kwa kuwa tunawatazama watu usoni. Mtu aliyesimama ana urefu wa vichwa saba na zaidi kidogo, na fundi aliyeinama juu ya sindano amefupika kwa namna yake. Upate mstari unaotoka kisogoni ukashuka mpaka kiunoni. Mstari huo ukiwa sahihi, mtu yupo. Mkono ulio juu ya gurudumu la cherehani na mkono unaosukuma kitambaa itoshelezwe kwa maumbo mawili yenye pembe, vidole usivihesabu.

Anza na mwanga. Inua ubao upande wa juu kidogo, weka kitabu chini yake ili rangi iteremke kwa uzito wake. Chovya brashi kubwa, andaa chai ya oka ya manjano, anzia mlangoni. Unapoelekea ndani ongeza sienna, halafu ultramarini, ili rangi ipoe na kukolea kidogo kidogo kuelekea mwisho wa chumba. Hapa pana hatua inayohitaji moyo: mpitie fundi. Pitisha rangi hiyo juu ya shati lake, uso wake, kiti na cherehani, usizunguke. Unachoruka ni weupe tu: kitambaa, sehemu ya bega iliyoelekea mlangoni, mstari wa ukingo wa meza, labda na utosi wa kofia. Ukimaliza utakuwa na karatasi yenye mwanga wa chumba na mashimo machache meupe, na ndani ya mwanga huo kila atakayechorwa baadaye atakuwa na rangi ya chumba chake tayari.

Kusubiri ikauke ni kazi pia. Wakati wa masika hewa ya pwani imejaa maji na karatasi inaweza kukaa mbichi muda mrefu. Hilo ni jema kwa anayetaka kuunganisha rangi, kwani ana nafasi kubwa kuliko mwenzake wa Dodoma ambaye rangi inamkaukia mkononi. Tatizo ni feni. Feni la fundi likielekea kwenye ubao wako litakausha upande mmoja na kuacha mwingine, na huwezi kumwomba mwenye kazi alizime. Kaa lisipokufikia. Ili kujua kama karatasi imekauka, usiangalie mng'aro peke yake. Iguse kwa mgongo wa vidole. Ikiwa baridi, bado ina maji ndani yake.

Tufike kwa watu. Vitabu vingi vya rangi za maji vinavyopatikana madukani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mapishi yake ya rangi ya ngozi ni ya watu weupe: waridi kidogo, njano kidogo, maji mengi. Mwanafunzi wetu akimchora fundi wa Zanzibar hukimbilia kahawia moja akaipaka uso mzima, na uso huo unakufa. Ngozi nyeusi karibu na mlango ni moja ya vitu vyenye rangi nyingi kuliko vyote utakavyowahi kuchora, na rangi za maji zinaiweza kuliko rangi nyingine yoyote kwa sababu karatasi inang'aa kutoka chini.

Fanya hivi. Upande wa uso ulioelekea mlangoni, weka sienna ya kuchomwa yenye uzito wa kahawa, na nyekundu kidogo kwenye shavu, sikio na ncha ya pua, mahali damu iko karibu. Ikiwa bado mbichi, gusa kwa kobalti nyuso zinazotazama juu: paji la uso, mfupa wa shavu, daraja la pua. Sehemu hizo zinapata mwanga wa anga unaopenya juu ya uchochoro, na mwanga huo ni wa buluu. Kwenye ngozi nyeusi buluu hiyo inaonekana wazi, na bila hiyo uso hauna unyevu wala uhai. Mahali jasho linapong'aa acha kipande kidogo cha karatasi, kidogo kabisa, chenye ukingo mkali. Kisha upande wa chumbani changanya sienna na ultramarini, uzito wa maziwa, na uiruhusu iingiane na upande wa mwanga katikati ya shavu. Usisawazishe. Ile sehemu rangi mbili zinapokutana zenyewe ndiyo nzuri kuliko zote usoni, na brashi ikirudi hapo inaiharibu. Na kumbuka taya ya mchana: chini yake, upande wa mlangoni, weka oka nyepesi ya mwanga wa kurudi.

Macho usiyachore. Kivuli kimoja cha tundu la jicho, kimoja cha chini ya pua, na kama fundi amevaa miwani, nukta moja nyeupe ya kioo. Anayemfahamu fundi atamtambua kwa mabega na shingo. Kofia yake ya vito ni nyeupe, lakini upande wa chumbani ni kijivu cha buluu, na ndani ya kijivu hicho unaweza kudondoshea oka kidogo. Matundu na nakshi za kofia yaache. Kabla uso haujakauka, shuka shingoni, ingia kolani, endelea begani kwa rangi ya shati. Brashi isiinuke. Rangi ya shingo itavuja kidogo ndani ya kola, na iache ivuje. Kisha, na hii ndiyo hatua niliyoiandikia makala haya, vuta nyuma ya kichwa na mgongo wa fundi viingie ukutani. Upande huo kuna kivuli kinachokutana na kivuli, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa na mpaka. Chovya brashi safi, ikamue kwenye kitambaa, igusishe kwenye ukingo wa mgongo, na rangi ya shati itatambaa ndani ya chumba. Upande wa mlangoni ukingo wake ubaki mkali. Mtu mwenye upande mmoja uliokatwa na upande mmoja uliozama anakaa ndani ya hewa.

J.M.W. Turner alilijua hili vizuri. Mwaka 1827 alikaa Petworth, jumba la kifahari huko Sussex, Uingereza, akachora zaidi ya picha mia moja ndogo kwenye karatasi za buluu, kwa rangi za maji na rangi nzito zisizopenyeza mwanga. Nyingi ni za ndani ya nyumba: watu wakizungumza, wakipiga muziki, wakikaa vitandani na mezani. Ziko kwenye mkusanyiko wa Tate, London. Katika kadhaa ya picha hizo mtu ni mguso mmoja wa nyekundu au nyeupe, hana uso, wala hana mikono iliyokamilika, na bado unajua amekaa namna gani. Zitazame kwenye intaneti, kisha umrudie fundi wako. Zitakupa ujasiri wa kuacha.

Vivuli vizito viwe vichache na viwekwe mara moja. Chini ya meza, pembe ya ndani ya chumba, na mwili mweusi wa cherehani. Kwa cherehani changanya ultramarini na umba mpaka iwe siagi, weka umbo lake kwa miguso mitatu au minne, ukiacha karatasi ionekane mahali chuma kinapong'aa, juu ya shingo ya mashine na kwenye ukingo wa gurudumu. Weusi huu ukikaa bega kwa bega na kitambaa cheupe, jicho la mtazamaji litakwenda hapo moja kwa moja, kwenye mkono na sindano, na ndipo linapotakiwa kwenda. Kwa hiyo ukingo mkali kuliko yote pichani uwe huo. Rangi za maji hupauka kiasi zikikauka, hivyo kivuli kiweke kizito kuliko kinavyoonekana. Kikikauka chepesi na ukalazimika kukirudia, kitakuwa na matope.

Vitu vya chumbani ni vingi mno, na vinavutia: khanga zilizotundikwa, mabunda ya nyuzi, futi shingoni, chaki, vipande sakafuni, pasi. Chagua vitatu. Khanga mbili zilizoning'inia zinatosha kwa kugusisha rangi mbili mbichi zikaingiliana, pindo likiwa jeusi kidogo kuliko mji, na jina lake lisiandikwe. Nyuzi ziwe nukta za rangi safi isiyochanganywa, chache, karibu na mahali penye kazi, kwa kuwa katika chumba chenye vivuli vya kahawia na kijivu nukta moja ya nyekundu safi ina nguvu kubwa. Vipande vya sakafuni ni miguso ya brashi kavu. Futi mimi siliachi kamwe: mstari ule mweupe au wa njano unaoteremka kutoka shingoni unaonyesha kifua kimepinda wapi, na unafanya kazi ambayo kivuli kingehitaji miguso kumi.

Kuna mjadala juu ya rangi nyeupe. Wengi wetu tumekua tukitazama picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na humo rangi ya kung'aa inapakwa juu ya ubao na weupe unawekwa juu ya rangi nyingine wakati wowote. Mwenye mazoea hayo huona tabu kulinda weupe tangu mwanzo. Wako wanaosema kutumia nyeupe kwenye rangi za maji ni makosa. Sikubaliani nao, maana Turner aliitumia bila haya. Lakini itumie mwisho, kwa nukta: uzi unaoning'inia kwenye sindano, mng'aro wa kioo cha miwani. Kitambaa chenyewe usikipake nyeupe. Weupe wa karatasi una mwanga ambao rangi nyeupe haina, na macho yanaona tofauti hata kama mtazamaji hajui kuieleza. Ukiwa umepoteza weupe kwa bahati mbaya, lowesha sehemu hiyo kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha inyonye kwa kitambaa. Kwenye karatasi ya pamba sienna na oka hutoka kwa kiasi cha kuridhisha.

Acha mapema. Jambo hili ni gumu kuliko yote niliyoyataja, maana fundi bado anashona, mwanga bado upo, na mkono unataka kuendelea. Ninachoshauri ni kuinuka, kwenda barazani na ubao, kuuweka mbali na kuutazama ukiwa umefinya macho. Ukimwona mtu, ukaona mwanga unatoka wapi, na ukajua anafanya nini, basi weka brashi chini. Pembe ya karatasi iliyobaki tupu haina ubaya. Mguu wa kiti usiokamilika hauna ubaya.

Chukua kipande cha pili hapo hapo, kabla hujafunga vifaa, na uchore chumba kile kile bila penseli. Sasa mkono unajua kichwa kiko wapi na giza limeungana wapi, kwa hiyo ingia na brashi namba 12 moja kwa moja, uanze na fundi na mwanga kwa pamoja, na uifanye kwa dakika ishirini. Linganisha hizo mbili nyumbani kesho yake, zikiwa zimekauka kabisa, zimesimama kando kwa kando mahali pasipopigwa na jua. Ile utakayoamua kuitia fremu iwe na paspatu, ili karatasi isigusane na kioo, na ipigiliwe ukuta wa ndani badala ya ule unaopokea mvua. Nyingine, kama fundi ameipenda, mpelekee.